Jamani, serva si mfagizi wenu

Juzi kompyuta yangu ilianza kukokota miguu. Kutazama orodha ya programu zinazokula kumbukumbu, nakuta Xorg, yaani serva ya X, ile inayochorea programu nyingine madirisha kwenye skrini ya Linux: karibu gigabaiti 3. Nikamwonyesha mwenzangu, msanidi mzuri tu, akacheka: "X imezeeka, hamia Wayland, mrithi wake." Ahsante, mganga. Ugonjwa hujaupima, dawa umeshatoa.

Nikawasha xrestop, kifaa kinachoonyesha kila programu imeshika kiasi gani cha kumbukumbu ya serva, mwizi akaonekana papo hapo. Kisaa! Kisaa cha kukaa kwenye upau, basi. Kila sekunde kinaita XCreatePixmap, amri ya kuunda piksimapu (picha ya kwenye kumbukumbu), kinachora tarakimu zake, kinabandika, kinasahau. XFreePixmap, amri ya kuifuta, hakijawahi kuisikia. Pikseli 200 kwa 40, baiti 4 kila moja, ni baiti 32,000 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Piga hesabu mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kwamba picha hizo hazikai kwenye kumbukumbu ya kisaa, zinakaa kwa serva. Kwenye orodha kisaa chenyewe ni kijitu chembamba, kipole, hakina hatia. Mgeni anakula, mwenye nyumba anaitwa mlafi.

Na uvivu huu umelelewa na ubunifu mzuri mno. Tangu X11 ya mwaka 1987, mteja (programu inayoitumia serva) akiunganishwa, serva humkabidhi fungu lake la namba, na kila dirisha, piksimapu au kishale anachounda hubeba namba ya fungu hilo. Muunganisho ukikatika, hata programu ikiuawa kwa kill -9, serva inajua kipi ni cha nani na inafuta vyote. (Ukitaka vibaki, useme mwenyewe: RetainPermanent. Ndivyo picha ya mandhari inavyoweza kubaki baada ya programu iliyoiweka kuondoka.) Basi watu wakadeka. Kwa nini nifagie, wakati nikifa nitafagiliwa?

Haya, kwa programu inayoonyesha picha moja na kufunga, sina ugomvi. Lakini saa haifi! Upau haufi, kidhibiti madirisha hakifi. Hivi huwashwa unapoingia na hukaa wiki nzima, na muda wote huo serva haina ruhusa ya kugusa hata piksimapu moja, kwa sababu mwenyewe yu hai na huenda anaihitaji. Serva itajuaje kwamba umesahau?

Wapo pia wanaofungua muunganisho mpya kwa kila swali dogo bila kuufunga, mpaka serva inakataa wateja wapya. Hao leo sina muda nao.

Na Wayland? Nakiri, shingo upande, kwamba kule kwa kawaida mteja huleta bafa zake mwenyewe (kumbukumbu anayochorea picha), kwa hiyo uchafu huonekana mlangoni kwake. Uchafu wenyewe bado upo.

Nimemtumia mwandishi wa kisaa kiraka cha mstari mmoja. Amenijibu kwa upole kwamba yeye huzima kompyuta yake kila jioni, na hajawahi kuona tatizo.