Sanaa ya Majaribio Ndani ya Begi la Kilo 23

Wasanii wa Arusha na Moshi wanapokutana, hasa pale mmoja wao anapopata mwaliko wa residensi, mabishano ni yaleyale. Residensi ni mpango wa kumpa msanii chumba, studio na mara nyingi posho katika mji wa ugenini ili afanye kazi kwa muda uliopangwa. Wapo wanaosema: nenda, na kabla hiyo haijaisha omba nyingine, kwa sababu anayefanya sanaa ya majaribio, yaani ya kujaribu vitu bila kujua mapema kitakachotoka, hapa hana pa kushika. Wapo wanaosema kwamba anayehama kutoka residensi moja hadi nyingine huishia kuwafanyia kazi wageni na kuwasahau waliomlea. Nimekaa na watu wa pande zote mbili, nimesoma maombi yao na nimeziona kazi zao. Naunga mkono kwenda. Ninachokipinga ni ile hali ya kumaliza moja na kuingia nyingine bila kituo, na sababu zangu zinaanzia hapahapa mjini.

Arusha ni mji unaoishi kwa wageni. Pita Soko la Wamasai, au nenda kwenye maduka makubwa ya vinyago barabara ya Dodoma, utakuta picha ileile imechorwa na mikono mingi: twiga chini ya mgunga, Wamasai warefu wembamba wenye mashuka mekundu, mlima umetulia nyuma yao. Waliozichora si wavivu, na wengine wana mkono ambao ungewapatia jina popote pale. Lakini mnunuzi wao ameshuka kutoka Serengeti au Kilimanjaro, amebakiwa na siku moja kabla ya ndege ya KIA, uwanja wa Kilimanjaro, naye anataka kitu kinachokunjika na kinachofanana na alichokiona. Mvua za masika zikianza, watalii wanapungua na hata hicho hakiuziki. Sasa mweke hapo chalii, kijana wa mtaa wa Sakina, anayetaka kutumia miezi mitatu kurekodi kelele za vifodi, magari madogo ya abiria, na makonda wake, au kushona magunia chakavu ya kahawa mpaka yawe ukuta mtu anaoweza kuingia ndani yake. Kodi ya chumba italipwa na nini? Mama yake akimuuliza kazi hiyo inaingiza shilingi ngapi, anauliza kwa haki kabisa. Wanaosema "baki nyumbani, asili yako iko hapa" hulipita swali hilo haraka mno.

Hulipita na jingine pia. Picha zinazoitwa asili katika maduka yetu zimeumbwa na mgeni kwa kiasi kikubwa. Ladha ya mnunuzi ndiyo iliyochagua rangi, ukubwa na mnyama wa kuchorwa. Msanii anayekataa kuchora twiga hajakataa asili yake. Amemkataa mteja.

Residensi nzuri inamwondoa mteja huyo kwa muda. Cité internationale des arts ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1965, ina studio zaidi ya 300, na jirani yako wa ukutani anaweza kuwa mpiga muziki wa Korea au mshairi wa Lebanoni. Rijksakademie ya Amsterdam humkaribisha msanii hadi miaka miwili, tena ina karakana na mafundi wa kumsaidia akitaka kujaribu kauri, chuma au uchapaji. Mpango wa Berlin unaoendeshwa na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, ulianza mwaka 1963 kwa fedha za Ford Foundation, mfuko wa hisani wa Marekani, na mchoraji au mchongaji aliyechaguliwa hupewa kama mwaka mzima. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu wiki kwa picha zilizouzwa, mwaka wa kuharibu vitu na kuvianza upya bila kudaiwa ni jambo kubwa. Sanaa ya majaribio inahitaji kuharibu. Inahitaji pia watu watakaokuambia usoni kwamba kazi yako haijasimama, na wakakueleza kwa nini. Hapa kwetu tunapongezana mno. Tuko wachache na tunaogopa kukatana tamaa.

Basi hoja ya kwenda ina miguu. Lakini nayo ina mteja wake, ambaye hasemwi sana kwa sababu hanunui chochote. Huyo ni jopo linalosoma maombi. Fomu inataka ueleze mapema utafanya nini, utatumia njia gani, na kazi itazungumzia suala gani. Kwa kazi ya majaribio hilo ni tatizo la msingi, maana ungekuwa unajua utakachokipata usingehitaji kujaribu. Wasanii wanajifunza haraka maneno yanayopita: utambulisho, kumbukumbu, ukoloni, mazingira. Sisemi mambo hayo ni ya uongo. Boma la Wajerumani bado limesimama katikati ya Arusha, na anayetaka kulishughulikia ana kila sababu. Shida inakuja pale kijana aliyekulia Kijenge, anayewaza zaidi kuhusu sauti na umeme, anapogundua kwamba pendekezo lake la sauti limekataliwa na lile la shuka la Kimasai limekubaliwa. Mara ya pili hatapeleka la sauti. Ndiyo maana nasema twiga anaweza kumfuata mtu mpaka Berlin.

Kuna pia uzito wa begi, jambo linaloonekana dogo lakini linaingia mpaka ndani ya kazi. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa kawaida kilo 23 kwa begi moja. Anayeishi kwa kuhama hawezi kufanya kazi ya mabati, udongo wala magogo, maana baada ya miezi mitatu lazima aiache, aivunje au aisafirishe kwa gharama inayozidi posho yake. Ukitaka kubeba mpingo mwingi, kuna vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, juu yake, kwa kuwa tangu mwaka 2017 mti huo uko kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa. Matokeo yake, kazi inahamia kwenye video, karatasi, kitambaa, au mwili wa msanii mwenyewe. Zipo kazi nzuri sana za aina hiyo. Lakini mtu akiniambia amechagua video kwa sababu za kisanaa, namuuliza ilikuwaje aliyoyafanya kabla ya safari yote yalikuwa ya chuma. Na residensi nyingi zinafunga na siku ya studio wazi, wageni wanapita na glasi mkononi, kwa hiyo kazi inapaswa kuwa tayari siku hiyo hata kama haijaiva. Msanii anaondoka na picha za simu. Ukuta wa magunia unaishia kwenye jalala la manispaa ya mji ambao hakuna mtu wa Arusha atakayekwenda kuuona.

Tena mzunguko huu wa residensi hadi residensi ulitengenezewa watu wenye pasipoti zenye nguvu. Msanii wa Ulaya akimaliza Berlin anapanda treni kwenda Paris. Wa kwetu mwenye viza ya muda mfupi ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ana siku 90 ndani ya kila siku 180, kisha anatakiwa atoke, na viza nyingine kwa kawaida ataiombea katika nchi anakoishi. Ada ya ombi ilipandishwa hadi euro 90 mwaka 2024, na ukikataliwa hairudishwi. Ongeza basi la kwenda Dar es Salaam ziliko balozi, taarifa za benki, bima, na wiki za kusubiri. Mwanamke mwenye mtoto mdogo ana mzigo zaidi ya huo, kwa kuwa programu nyingi zinampangia msanii chumba cha mtu mmoja na kudhani hana anayemtegemea. Wakati mwingine tunasema wanawake hawaombi. Wengi wamesoma masharti na kuelewa kwamba hawakuhesabiwa.

Wanaosema kubaki wana mfano mzito ambao hawautumii vya kutosha. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga hakwenda residensi yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, alichukua rangi ya kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi, akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilifanya. Yale yalikuwa majaribio, na kilichoyawezesha ni vifaa rahisi vya dukani. Arusha yenyewe ilikuwa na X Plastaz, kundi lililoanza katikati ya miaka ya 1990 na kuunganisha rap na uimbaji wa Kimasai. Jaribio lilifanyika hapa kwanza, Ulaya ikaja baadaye. Ila Tingatinga alifariki mwaka 1972, na alichokianza kikageuka mtindo wa kuuziwa wageni, unarudiwa mpaka leo. Kubaki kulizaa jaribio, kisha soko la nyumbani likaligandisha. Mfano huu unawafaa kwa nusu tu.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni wa mchoraji Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973, na maonyesho yake ya kwanza aliyafanya mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alifanya mradi mmoja katika nchi tatu: Denmark, Tanzania na India. Kila alipofika aliwakusanya wanawake, akakaa nao, wakazungumza juu ya maisha yao, kisha akachora na kuandika mashairi kutokana na mazungumzo hayo. Hapo safari haikuwa njia ya kupata studio. Ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Ondoa nchi moja na mradi unapungua maana. Na Tanzania ilikuwa mojawapo ya vituo, wanawake wa hapa wakiwemo ndani ya kazi, si kama mada ya kusimuliwa mbali. Huu ndio uhamaji ninaoweza kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Pamoja na hayo, angalia kilichofuata. Picha aliyojichora mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery, makumbusho ya picha za watu ya London, mwaka 2022, na maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yalifunguliwa Edinburgh mwaka 2024. Heshima inayostahili, tena iliyochelewa sana. Lakini kijana anayesoma sanaa Moshi leo, si mbali na Marangu, atasimama wapi mbele ya picha ya mwanamke huyo? Simlaumu Nicodemus hata kidogo. Mkoa ulishindwa kujenga ukuta wa kumtundikia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitamwambia achague residensi moja ndefu badala ya kadhaa fupi, na kabla ya kusaini ajadiliane na waandaaji wake kuhusu kurudi: gharama ya kusafirisha kazi, au wiki moja ya maonyesho Arusha iwe ndani ya bajeti. Baadhi ya waandaaji hukubali wakiombwa mapema. Wasanii wetu hawaombi kwa sababu wanaogopa kuonekana hawana shukrani. Na ugenini si Ulaya peke yake. Basi la kupitia Namanga linakufikisha Nairobi siku hiyohiyo bila viza, na Kampala kuna 32° East, kituo kinachokaribisha wasanii wa ukanda huu tangu mwaka 2011. Kweli, fedha za vituo hivi mara nyingi bado zinatoka Ulaya, na jopo lina lugha yake huko pia. Lakini kazi ya mabati inaweza kurudi kwenye buti la basi, na atakayeikosoa anajua mabati ni nini katika nyumba zetu.

Lililobaki liko nje ya uwezo wa msanii mmoja. Dar es Salaam wana Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu mwaka 2008. Arusha na Moshi hazina kituo cha ukubwa huo, wakati Unga Limited, mtaa wa Arusha, kuna maghala ambayo yangetosha kabisa kwa paa, umeme na sakafu ya kuchafuliwa. Mwaka 2024 Tanzania ilipata banda lake la kwanza katika Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, nilifurahi, na nilijiuliza banda la Arusha litapatikana lini. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, lakini hutoa hasa mikopo. Mkopo unamfaa mwenye studio ya muziki au duka la mavazi. Mtu mwenye kazi isiyouzwa hawezi kuahidi marejesho ya kila mwezi, na akishatoka benki mikono mitupu, ndipo anapoanza kujaza fomu ya residensi inayofuata.