Msiifungue Kompyuta ya Ofisi kwa Dunia Nzima

Kuna tabia moja kwenye ofisi ndogo za Dar es Salaam ambayo sitachoka kuipinga. Mhasibu anataka kumalizia ritani za VAT akiwa nyumbani kabla ya tarehe 20. Anamwambia fundi, "Kaka, nifanyie mpango niipate kompyuta ya ofisini nikiwa nyumbani." Fundi anaingia kwenye ruta, anafungua poti namba 3389, yaani mlango wa Remote Desktop unaotumika kuendesha Windows kutoka mbali, anaielekeza kwenye kompyuta ya mhasibu, analipwa, anaondoka. Kazi inafanyika siku hiyohiyo na kila mtu anafurahi. Lakini tangu dakika ile, kompyuta yenye mishahara, mikataba na namba za NIDA za wafanyakazi inaweza kubishiwa hodi na mtu yeyote duniani mwenye intaneti.

Na wabisha hodi wapo. Kuna watu wenye programu ambazo kutwa kucha zinapita anwani moja baada ya nyingine zikitafuta nani ameacha poti hiyo wazi. Hawakujui, wala hawana haja ya kukujua. Wakiipata wanajaribu manenosiri mpaka moja likubali, kisha wanafunga mafaili yote na kudai fedha. Wakati mwingine hata nenosiri si lazima: Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro ya Remote Desktop iliyopewa jina BlueKeep, iliyomwezesha mtu kuingia bila akaunti yoyote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba marekebisho yalitolewa hadi kwa Windows XP, ambayo kampuni iliacha kuihudumia tangu 2014. Kuna mafundi wanaobadilisha namba ya poti wakidhani wamejificha. Hawajajificha, maana programu zile zinaweza kupitia poti zote.

Dawa yake ni VPN, na hapa lazima nifafanue, kwa sababu wengi wakisikia neno hilo wanafikiria zile programu za simu za kufungulia mitandao iliyozimwa. Zile zinakupeleka kwenye seva ya kampuni usiyoijua. Ofisini kwako hazifiki kabisa. Ninayoitetea mimi ni njia ya ofisi yenyewe. Kompyuta ya nyumbani na ruta ya ofisini zinafahamiana kwa funguo, na kila kinachopita kati yao kimefichwa kwa msimbo.

Aina za VPN ni nyingi, na mimi huchagua WireGuard. OpenVPN ya tangu 2001 bado ni nzuri, ila ina mambo mengi ya kusanidi. PPTP, ambayo bado naikuta kwenye ruta za zamani, izimwe leo, maana ulinzi wake ulishavunjwa hadharani mwaka 2012. WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, imo ndani ya mfumo wa Linux wenyewe tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na ni ya bure. Kila kifaa kina funguo mbili. Ule wa wazi unaweza kuutuma hata kwa WhatsApp. Ule wa siri hautoki kwenye kifaa chake. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba asiye na ufunguo hajibiwi chochote. Anayepita akichungulia haoni kama pana mlango.

Kazi ngumu iko kwenye anwani, yaani namba ya IP inayoitambulisha ruta yako kwenye intaneti. Laini nyingi za intaneti, hasa za simu, hazikupi anwani yako peke yako. Mnachangia wateja wengi. Fungua ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, hakuna wa nje atakayekufikia hata ukifungua poti zote. Habari njema ni kwamba upande mmoja tu ndio unaohitaji anwani ya wazi. Ofisi iombe anwani hiyo kwa mtoa huduma wake na kuilipia. Wa nyumbani atumie hata bando la simu. Ikishindikana, Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, hutafuta upenyo yenyewe.

Shida ya pili inawatesa watu bure. Ruta ya nyumbani inagawa anwani za ndani zinazoanza na 192.168.1, ya ofisini nayo 192.168.1. Ukiita printa ya ofisini, kompyuta inaitafuta humohumo sebuleni. Badilisha upande wa ofisi, tuseme 192.168.47, kisha kwenye mpangilio wa WireGuard wa nyumbani andika mstari huu:

AllowedIPs = 192.168.47.0/24

Maana yake ni kwamba ya ofisini tu ndiyo yapite humo. Sinema za watoto zitabaki kwenye intaneti ya nyumbani, hazitaibana ya ofisi.

Faili la programu ya uhasibu usilifungue moja kwa moja kupitia njia hiyo. Laini ikikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Iendeshe kompyuta ya ofisini kutoka mbali, ukiwa ndani ya VPN, ili data isitoke ilipo. Na umeme ukikatika usiku? Kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, weka kompyuta ijiwashe umeme unaporudi, na uizuie isilale.

Wengine hukodi seva Ulaya iwe kituo cha kukutania. Sipendi. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kila kilichotegemea kuvuka bahari kilisuasua. Nyumba na ofisi zikiwa Dar zote mbili, na watoa huduma wao wakibadilishana data hapahapa kwenye kituo cha TIX, mawasiliano hayana sababu ya kwenda Ulaya na kurudi.

Kila mfanyakazi apewe ufunguo wake, na akiacha kazi ufutwe siku hiyohiyo. Kompyuta anayotumia nyumbani iwe ya ofisi, isiwe ile ambayo watoto wanapakulia magemu, kwa sababu kirusi nacho kitapita njia hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za wateja zikivuja mwenye ofisi ndiye atakayeulizwa, si fundi aliyeshalipwa akaenda zake. Pia Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili. Ofisi yenye anwani yake maalumu na orodha ya funguo zake haina cha kuficha. Ijaze fomu ya usajili na kuendelea na kazi.