Gorogoro nyuma ya mlango wa nyanya

Nimeisoma makala yenu kuhusu akina nyanya wanaoyabeba makanisa ya vijijini bila cheo wala mshahara, nikamkumbuka nyanya yangu, muumini wa Kanisa la Marafiki (Quaker) huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, si mbali na Kaimosi, ambako wamishonari watatu kutoka Marekani walianzisha misheni mwaka 1902. Biblia yake aliifunga kwa leso kuukuu, na pembe ya leso hiyo hiyo ilihifadhi sarafu za sadaka, ambazo hakuzigusa hata siku tulipokosa sukari. Kila alipopima unga wa ugali alitoa konzi moja, kama ile ya mjane wa Sarepta katika Biblia, akaitia katika gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka, lililokaa nyuma ya mlango. Likijaa, alijitwika na kulipeleka kwa mgonjwa, akamfagilia jiko, akawasha moto, kisha akaketi kimya kwa muda mrefu kabla ya kuomba, kama walivyozoea Marafiki wa zamani. Makala imewataja wachungaji kwa heshima, nami sipingi, lakini naona wanawake hawa walistahili kutangulizwa. Gorogoro lile sasa liko jikoni mwangu, na binti yangu ndiye anayelijaza.