Mweka Hazina wa Dunia Anapatikana Wapi?

Mwezi wa kumi na moja mwaka huu wa 2026 wakubwa wa dunia wanakutana tena kujadili mvua yangu. Safari hii ni Antalya, Uturuki, tarehe 9 hadi 20. Mji wa ufukweni, mahoteli ya kumwaga. Mimi tarehe hizo hizo niko Uyole, Mbeya, jembe begani, nimeinua shingo nasubiri wingu liamue kama linanyesha au linapita tu kusalimia.

Mkutano wenyewe, ule wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, ni wa 31. Thelathini na moja! Wa kwanza ulikuwa Berlin, 1995. Enzi hizo babu akisema mvua wiki ijayo, wiki ijayo unalowa. Siku hizi nikishapanda viazi, inanyesha siku mbili, inaingia mitini. Machipukizi yakishanyauka ndipo inarudi na hasira zote, ukungu unatafuna majani, nashinda na bomba la dawa mgongoni mpaka natembea upande. Na dalali naye hana habari ya tabianchi. Yeye anataka lumbesa, bei ya gunia la kawaida.

Sisemi hawahangaiki. Mwaka jana walikwenda Belém, Brazili, vitanda vikawa haba mpaka serikali ikaleta meli mbili za kitalii wageni walale humo. Halafu siku moja kabla ya siku ya kufunga, moto ukawaka ndani ya eneo la mkutano, wajumbe wakatoka mbio. Mkutano wa kujadili joto, jamani!

Linaloniudhi ni hela. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, harufu ya ahadi naijua. Mwaka 2009, kule Copenhagen, nchi tajiri zilijiandikisha kuzichangia nchi maskini zikabiliane na tabianchi: dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Ikafika 2020, kimya. Kwa hesabu zao wenyewe lengo lilitimia 2022, na sehemu kubwa ya hela hizo ni mikopo. Mkopo! Yaani umechangia harusi, halafu bibi harusi akitoka fungate aanze marejesho.

Mwaka 2024 wakakaa Baku, Azabajani. Nchi maskini zinataka trilioni 1.3 kwa mwaka, zikaahidiwa bilioni 300, tena ifikapo 2035. Mwenyekiti akagonga nyundo chapuchapu, mjumbe wa India akabaki analalamika kwamba alitaka kusema kabla haijagongwa. Hapo nilicheka peke yangu, maana mwenyekiti wetu ni huyo huyo: "Tumekubaliana? Tumekubaliana," na chai inamiminwa.

Ila sisi tunafuatana. Baba Tumpe, jirani yangu, aliahidi laki moja mbele za watu, akapigiwa makofi na vigelegele. Nikampigia simu.

"Jirani, viazi vikitoka."

Viazi vikatoka.

"Jirani, bei si unaiona mwenyewe?"

Katibu akamweka kwenye kundi la WhatsApp, jina lote kwa herufi kubwa, na mbele yake: BADO. Kesho yake alfajiri, baridi ile ya Uyole hata jogoo hajajisumbua kuwika, Mama Tumpe huyo mlangoni na elfu sitini na kuku.

Sasa dunia nani ataiandikia BADO? Marekani ndiyo imeshajitoa kwenye Mkataba wa Paris, ule wa nchi kupunguza joto la dunia, Januari hii, ni sawa na mtu aliyetoka kwenye kundi kabla katibu hajamaliza kuandika jina lake.

Jumapili tuna kikao. Ajenda ya kwanza, kusoma michango. Ya pili, kuongeza bajeti, kwa sababu wamejitokeza wanaotaka keki ya ghorofa tano. Hivi nani kawatuma? Elfu arobaini ya Baba Tumpe bado naidai, na yeye anasema kuku ameshaimaliza. Daftari langu halina safu ya kuku.