Makovu ya kizazi: safari ya pili si tamaa ya daktari

Jirani yangu wa Isevya, hapa Tabora, ana bahasha ya kaki anayoiweka chini ya godoro. Ndani mna karatasi aliyoruhusiwa nayo hospitalini Dar es Salaam, baada ya makovu ndani ya kizazi chake kukatwa kwa mkasi mdogo unaoongozwa na kamera. Mstari wa mwisho umepigiwa wino: arudi baada ya wiki sita, aangaliwe tena. Mumewe hataki. "Si walishayakata? Wanataka hela tu."

Simlaumu. Ni zaidi ya kilomita 800 za reli, nauli ya watu wawili, malazi, na tumbaku shambani haina wa kuichuma. Tena hedhi ya mkewe imerudi, baada ya kukatika miezi saba tangu mimba ilipoharibika akasafishwa kwa kukwanguliwa, njia inayoweza kuacha makovu. Nyumbani wanamwona amepona. Hata wataalamu wanakiri kwamba puto na jeli zinazowekwa kizazini baada ya makovu kukatwa, pamoja na vidonge vya estrojeni (homoni ya kike), vinaonekana kupunguza makovu kurudi, lakini ushahidi kwamba vinaongeza watoto wanaozaliwa hai bado ni dhaifu.

Ila kizazi kisicho na mimba hakiko wazi kama chumba. Kuta zake zimelaliana kama mfuko mtupu. Kovu likikatwa huacha vidonda viwili vinavyotazamana, na vidonda vinavyogusana hushikana. Ndiyo maana puto huachwa ndani siku kadhaa kuzitenganisha kuta, na estrojeni hutolewa ili utando mpya uwahi kuota. Kovu linalorudi wiki za mwanzo bado ni laini, huachanishwa kwa urahisi. Likishakomaa, ni upasuaji upya.

Kwa wenye makovu makali, kama jirani yangu, taarifa za watafiti zinaonyesha yamerudi kwa wanawake 20 hadi 62 katika kila 100. Namba hiyo hainitoki kichwani. Chukua ile ya chini kabisa: mmoja kati ya watano. Chukua ya juu: anayesalimika ndiye mchache. Na hedhi si shahidi wa kutosha, kwani sehemu ndogo iliyo wazi inaweza kutoa damu na bado isiweze kubeba mimba.

Wapo wanaosema nguvu zielekezwe kwenye kinga. Kweli kabisa, Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2012 kwamba kukwangua kumepitwa na wakati, kufyonza au dawa zichukue nafasi yake. Lakini kinga hiyo itamfaa binti yake. Yeye kovu analo tayari.

Juzi nilimsomea mumewe karatasi ile, neno kwa neno, nikamweleza na jambo ambalo halikuandikwa: mkewe akishika mimba, asizalie mbali na hospitali kubwa, maana kwenye kizazi kilichowahi kuwa na makovu kondo la nyuma huweza kung'ang'ania ukutani likaleta damu nyingi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza treni inaondoka siku gani.