Aliyewahi kuuguza anafaa kuwa mhojaji wa utafiti wa tiba shufaa?

Lipo pendekezo kwamba utafiti wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na adha mgonjwa mwenye maradhi yasiyopona, uwatumie kama wahojaji ndugu waliowahi kuuguza. Kwa Dodoma, ambako wengi huuguzwa nyumbani, Bahi, Kongwa au Chamwino, wazo hili linafaa. Lakini lina masharti.

Faida kubwa iko kwenye maswali. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa nne, na hufunga choo mgonjwa asipopewa dawa ya kulainisha. Mtafiti wa chuo atauliza kama dawa ilitolewa kwa wakati. Aliyeuguza atauliza nani alikuwa anaamka saa nane usiku kuitoa, na mgonjwa alikaa siku ngapi bila kupata choo. Tena mbele ya muuguzi wa hospitali ndugu wengi wa wagonjwa hujibu "tunashukuru, tulihudumiwa vizuri", maana kesho watarudi dirisha lile lile. Kwa mwenzao husema siku dawa ilipoisha na nauli haikuwepo.

Tatizo nalo limo humo humo katika kuelewana. Mhojiwa anasema, "Si unajua mwenyewe inavyokuwa." Mhojaji anaitikia, "Najua, pole sana," wanaendelea. Wao wameelewana, ila kinasa sauti hakina cha kuchambuliwa. Mwingine humalizia sentensi ya mhojiwa kwa yaliyomkuta yeye. Mafunzo ya siku moja hayaondoi mazoea haya. Mhojaji afanye mahojiano ya majaribio, ayasikilize na msimamizi, na kila "unajua" iliyoachwa bila swali iwekewe alama. Swali lenyewe ni fupi: "Nieleze, kwako ilikuwaje?"

Kwa ajili ya usiri, asipangiwe kata yake. Mzungumzaji wa Kigogo wa Bahi anaweza kwenda Chamwino; wa Kirangi atabaki Kondoa, lakini mbali na kwao.

Halafu kuna majonzi. Binafsi nisingemchukua aliyefiwa chini ya mwaka mmoja, na hata aliyekaa zaidi asihoji zaidi ya watu wawili kwa siku. Maombi ya kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hueleza mhojiwa atalindwaje. Yaandikwe pia mhojaji ampigie nani akizidiwa, na kwamba akisitisha hakatwi posho. Posho hiyo ilingane na ya wahojaji wenye shahada, isiwe nauli na soda.