Dimbwi la Mtaani: Lifukiwe au Liachwe?

Masika yakikaribia, wito wa kufukia madimbwi hurudi Kisauni, Likoni na Jomvu, hapa Mombasa. Hoja ni mbu, na si ya kupuuzwa: Anopheles, mbu wa malaria, hutaga kwenye vidimbwi vinavyopigwa jua. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa usimweleze habari za vyura.

Ila mimi nitazieleza. Hemisus marmoratus, chura wa pwani hii na kwingine kwingi Afrika, ni mdogo, wa mviringo, mwenye madoadoa ya kahawia, vijicho vidogo na pua ngumu iliyochongoka. Vyura wengi wachimbaji huingia ardhini kinyumenyume, kwa miguu ya nyuma. Huyu hutanguliza kichwa. Hula mchwa na sisimizi. Jike huchimba chumba kwenye tope la ukingo, dume kamng'ang'ania mgongoni, hutaga humo na kuyalinda mayai. Maji yakipanda, viluwiluwi hutoka; yasipofika, mama huchimba njia hadi dimbwini, nao humfuata. Kwa hiyo ukingo ukishapigwa kabro, yaani matofali ya kutandaza, dimbwi halimfai tena hata likijaa pomoni.

Wanaotaka kufukia wana karata nyingine: IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, haimhesabu chura huyu miongoni mwa walio hatarini kutoweka, kwa kuwa ameenea sana kusini mwa Sahara. Ni kweli. Lakini orodha ile hupima spishi nzima. Haisemi lolote kuhusu mtaa mmoja kama Mtongwe.

Kinachonikera ni madimbwi kubebeshwa hata lawama za dengi, na za chikungunya iliyotutesa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mapema 2018. Mbu wa maradhi hayo, Aedes aegypti, huzaliana zaidi majumbani mwetu: kwenye mapipa, jerikani na matairi mabovu. Na kwa jinsi maji ya mfereji yanavyokatika mji huu, nani hana pipa? Malori kumi ya kifusi hayamgusi mbu huyo.

Dimbwi la maji machafu katikati ya nyumba sina la kulitetea, lifukiwe. La msimu, pembeni mwa mashamba kama ya Mwakirunge, liachiwe ukingo wa udongo, na mbu wapigwe kwa Bti, dawa ya bakteria inayolenga viluwiluwi vyao. Tatizo ni pesa: dawa hiyo hurudiwa msimu mzima, kifusi hulipiwa mara moja, na kwenye mkutano wa bajeti chura hana diwani.